Walaji Wengine wa Bustani

Hakuna bustani isiyokuwa na walaji wengine ghairi ya mwenyewe. Apandaye mchicha, bamia, nyanya na biringanya nyuma ya nyumba yake, awe Tanga au Mombasa, Pemba au Morogoro, hukuta baada ya majuma machache kwamba chakula alichowatayarishia watoto wake kimehudhuriwa na kaumu nyingi ambazo hakuzialika: viwavi, vidukari, konokono na panzi, na juu ya hao magugu, ambayo hayali jani la mboga lakini huila ile riziki ambayo mboga ingeila, yaani maji, mwanga na rutuba ya udongo. Desturi iliyoenea siku hizi, mtu aonapo jani lenye matundu, ni kwenda dukani kununua chupa ya sumu ambayo maelezo yake aghalabu yameandikwa kwa herufi ndogo na kwa lugha asiyoifahamu, akaichanganya kwa kukisia, akaipuliza asubuhi, na jioni akachuma mboga zile zile kwa chakula cha usiku. Ziko njia nyingine, baadhi yake kongwe kuliko duka lolote na baadhi zimethibitishwa na wataalamu wa zama zetu. Lakini zote ni bahati nasibu kwa mtu asiyejua kwanza maisha ya kiumbe anachotaka kukizuia: kinazaliwa wapi, kinakula saa ngapi, kinajificha wapi, na ni nani akilaye.

Lipo pia suala la kadiri. Mnyanya uliotobolewa majani machache huzaa kama kawaida, na jani la sukuma wiki lenye tundu halipungui utamu wala faida mwilini, bali hupungua uzuri wake sokoni tu. Na bustani ya nyumbani haiuzi uzuri. Mtu asiyeweza kuvumilia tundu hata moja atapuliza dawa, za dukani au za miti shamba, mara nyingi zaidi kuliko haja, na ataua walinzi wake pamoja na wezi wake.

Tuanze na magugu, kwa kuwa ndiyo yanayotangulia. Udongo wa bustani una mbegu za magugu kwa maelfu, zimelala humo miaka mingi, na nyingi miongoni mwake husubiri kuuona mwanga ndipo zichipue. Kwa hiyo kila pigo la jembe linalogeuza udongo wa chini kuja juu huziamsha mbegu nyingine mpya, na mkulima mwenye bidii ya kuchimba kila Jumamosi hustaajabu kwa nini magugu hayaishi. Hila iliyo nzuri ni kuyatangulia. Tayarisha tuta, ulimwagilie maji kana kwamba umekwisha panda, kisha usubiri siku kumi hadi kumi na nne. Mbegu zilizo karibu na uso wa udongo zitachipua kwa pamoja, nawe uzikwangue kwa jembe dogo bila kushuka chini zaidi ya upana wa vidole viwili, ndipo upande mbegu zako katika ardhi ambayo imekwisha toa magugu yake ya kwanza. Baada ya hapo palizi isichelewe, maana theluthi ya kwanza ya umri wa mmea ndiyo yenye hatari kubwa: gugu liotalo pamoja na mche huudumaza mche huo hata kama litang'olewa baadaye, ilhali gugu liotalo wakati bamia imekwisha funika tuta kwa kivuli chake halina dhara kubwa.

Matandazo hufanya kazi hiyo hiyo kwa taabu ndogo zaidi. Nyasi kavu, majani ya migomba, makuti chakavu yaliyokatwakatwa, makapi ya mpunga, hata makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, yote hufaa, mradi yawe na unene wa vidole vinne hivi na yasiguse shina la mmea, kwani shina lililozungukwa na unyevu daima huoza. Nyasi zikatwe kabla hazijatoa mbegu, la sivyo utakuwa umeyapanda magugu kwa mikono yako. Wakati wa masika yafaa kuyapunguza, maana konokono hupenda kulala chini yake, na penye mchwa wengi matandazo makavu huwa chakula chao. Samadi nayo ina hila yake: mbegu nyingi hupita katika tumbo la ng'ombe na mbuzi zikatoka zi hai, kwa hiyo samadi mbichi huleta rutuba na magugu kwa ndoo moja. Irundikwe pamoja na majani mabichi na makavu, inyunyiziwe maji, igeuzwe kila baada ya juma moja au mawili, hata moto wake wa ndani ufike nyuzi 55 au 60 za Selsiasi, ambao huziua mbegu nyingi. Asiye na kipimajoto atumbukize kipande cha nondo katikati ya rundo, akiache robo saa, kisha akichomoe na kukishika. Kikiwa cha moto hata mkono hauwezi kukivumilia kwa muda, rundo linafanya kazi yake.

Hayo yote hayatoshi kwa ndago. Mwaka 1977 LeRoy Holm na wenzake, katika kitabu chao juu ya magugu mabaya kuliko yote ulimwenguni, waliiweka ndago mahali pa kwanza, na mkulima yeyote wa pwani yetu angaliweza kuwapa ushahidi huo bila ya kusoma kitabu. Uovu wake haumo katika jani, bali umo katika vile viazi vidogo vyeusi vilivyofungamana chini ya ardhi kwa nyuzi ngumu, kimoja baada ya kingine, kama shanga katika uzi. Madhali mnyororo huo ni mzima, aghalabu kiazi kilicho mwishoni ndicho kichipuacho na vingine hulala. Jembe linapoukata, kila kiazi hujiona huru, na palipokuwa na mche mmoja huota mitano. Ndiyo maana mtu anayeilima ndago juu juu, tena kwa ghadhabu, huizidisha. Matandazo haiyajali, kwa sababu chipukizi lake ni kali kama sindano, hata nailoni nyeusi huitoboa.

Udhaifu wa ndago ni wa namna mbili. Kwanza haiwezi ukavu: kiazi chake kikifukuliwa na kuachwa juani siku kadhaa hata kikasinyaa, hakioti tena. Kwa hiyo wakati wa kupigana nayo ni miezi ya kiangazi ya kaskazi, udongo ukiwa mkavu, ambapo tuta huchimbwa kwa kina cha shibiri moja, mabonge yakapasuliwa, na viazi vikaanikwa na kugeuzwa. Mtu anayefanya kazi hiyo hiyo katika masika huvipandikiza tu, na anayevitupa katika rundo la mboji huvihifadhi. Pili haipendi kivuli. Panda viazi vitamu, kunde zitambaazo au maboga katika eneo lililoingiliwa na ndago, na majani yake yakiisha kufunika ardhi, ndago hudhoofika, majani yake hupauka na viazi vipya hupungua. Vile vichipukizi vitakavyojitokeza ving'olewe kila majuma mawili, kabla havijapata nguvu ya kutengeneza viazi vingine. Kazi hiyo ni ya misimu, si ya siku, na atakayekuahidi dawa ya haraka ya ndago yafaa umwulize kama yeye mwenyewe ana bustani.

Ukoka una tabia iliyokaribiana na hiyo, lakini ni rahisi zaidi, kwani mizizi yake mirefu huonekana na hufuatika kwa mkono. Magugu ya kawaida yaotayo kwa mbegu yaweza pia kupikwa na jua: tuta lililolainishwa na kumwagiliwa likifunikwa kwa nailoni angavu, si nyeusi, iliyobanwa vema kingoni kwa udongo, kwa muda wa majuma manne hadi sita ya jua kali, joto lililofungiwa humo huua mbegu nyingi za juu, na hupunguza minyoo fundo ambayo huvimbisha mizizi ya nyanya. Penye nafasi ya kutosha kuipumzisha ardhi msimu mmoja, marejea ni bora zaidi. Mmea huo wa jamii ya kunde, ambao Wabenediktini wa Peramiho, karibu na Songea, waliueneza kwa bidii kubwa, husonga magugu kwa wingi wake na hurudisha rutuba unapofukiwa kabla haujakomaa. Kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau lifyonzalo mizizi ya mahindi, ni habari ya shamba zaidi kuliko ya bustani. Itoshe kusema kwamba huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, wataalamu wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, walipata njia ya kulizuia kwa kupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, mmea ambao mizizi yake huichochea mbegu ya kiduha kuchipua na kisha huinyima maisha.

Wala si kila kiotacho bila kupandwa ni cha kung'olewa. Mchicha pori, mnavu, mchunga na mlenda pori viliingia katika vyungu vya bibi zetu kabla kabichi haijafika nchini, na mchunga wenye uchungu, uliopikwa kwa tui, wengine tungeuchagua mbele ya mboga nyingi za dukani. Hadhari moja tu: mnavu ni ndugu wa nyanya, biringanya na pilipili, na wadudu na maradhi ya jamaa hiyo hupata makazi kwake, basi usiachwe kando ya tuta la nyanya.

Jambo hili la kuacha kitu kiote lina maana kubwa kuliko mboga, na kisa kinachofaa kusimuliwa kwa urefu ni cha minazi ya Unguja. Katikati ya karne iliyopita wenye minazi visiwani walikuwa wakiona vidaka vikidondoka kwa wingi kabla ya kukua, vikiwa na vidonda vinavyotoa utomvu. Mwenye kosa alikuwa mdudu wa jamii ya kunguni, afyonzaye nazi changa, ambaye mwaka 1955 alipewa jina la kitaalamu kwa heshima ya M. J. Way, Mwingereza aliyemchunguza huko Unguja. Ajabu ya mdudu huyo ni kwamba wachache tu katika mnazi hutosha kuangusha sehemu kubwa ya mazao. Lakini ilidhihirika kwamba minazi iliyokaliwa na majimoto, wale chungu wekundu wakali ambao kila mtoto wa pwani aliyepanda mwembe anawajua, ilihifadhi nazi zake. Majimoto hujenga viota juu ya miti kwa kuyavuta majani na kuyashona kwa hariri itokayo kwa mabuu wao wenyewe, ambao chungu wakubwa huwashika mdomoni na kuwapitisha huku na huku. Na kutoka katika viota hivyo hutoka doria, usiku na mchana, ambayo haimruhusu mdudu mgeni kutua kwa amani.

Majimoto nao wana hasimu wao. Ni sisimizi wadogo wa ardhini, ambao baadhi ya askari wao wana vichwa vikubwa kupita kiasi cha miili, na wanapotawala chini ya miti huwapiga vita majimoto hata wakawahamisha. Watafiti waliofanya kazi Tanzania katika jambo hilo walitangaza mwaka 2011 neno ambalo wenye bustani safi hawakulitegemea: pale ambapo majani ya chini ya miti yaliachwa kuota, uadui wa sisimizi hao ulipungua na majimoto wakastawi zaidi kuliko pale ambapo ardhi ilikwanguliwa ikawa tupu. Mtu aliyefagia chini ya minazi yake hata pakang'aa, akidhani anaondoa maficho ya wadudu, kumbe alikuwa akimfukuza mlinzi wake. Kwa mwenye mchungwa, mwembe au mnazi nyumbani, somo la kazi ni hili: fyeka, usikwangue, na kama majimoto wako katika mti mmoja, wafungie kamba kutoka tawi hadi tawi la mti wa pili, nao watavuka. Wakulima wa machungwa wa China walikwisha kuwatumia chungu wa jamaa hiyo tangu karne ya 4. Naam, wakati wa kuchuma huuma, na huuma sana. Baadhi ya wachumaji hujipaka majivu mikononi na miguuni, na wengine huchuma asubuhi na mapema kabla hawajachangamka.

Walinzi wengine wa bustani hawana kelele namna hiyo. Vunjajungu, kinyonga, chura, buibui na mjusi wanajulikana. Wasiojulikana, nao ndio wanaofanya kazi kubwa zaidi, ni nyigu wadogo sana, baadhi yao wadogo kuliko punje ya ufuta, ambao hutaga mayai ndani ya miili ya viwavi na vidukari. Ukiona kiwavi amezungukwa na vifuko vyeupe mfano wa punje za mchele, usimponde: amekwisha kuwa maiti anayetembea, na vifuko vile vitatoa nyigu wapya. Ukiona katikati ya vidukari wapo waliovimba wakawa na rangi ya shaba, wengine wana tundu la mviringo mgongoni, ujue nyigu wamefika. Nguvu ya viumbe hawa ilionekana katika muhogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kidung'ata kutoka Amerika ya Kusini aliingia Kongo, akatapakaa Afrika akiacha mashamba ya muhogo yamesinyaa vileleni, kwa kuwa alikuja bila adui zake. Wataalamu wakawatafuta adui hao kwao, wakampata nyigu mmoja nchini Paraguai, na kuanzia mwaka 1981 akaachiliwa Nigeria na kisha katika nchi nyingi, hata kidung'ata akashindwa pasipo mkulima kununua kitu. Hans Herren wa Uswisi, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Sumu ipulizwayo kwa kukisia huwaua nyigu kabla ya viwavi, na viwavi hurudi kwanza. Hapo ndipo mtu anaposema kwamba wadudu wa siku hizi wamezidi ukaidi.

Nyigu hao wanapokua hunywa utamu wa maua madogo, kwa hiyo ukingo wa bustani wenye giligilani, shamari na mrehani ulioachwa ukachanua huwapa sababu ya kukaa. Kwamba harufu ya mrehani peke yake hufukuza kila mdudu, kama isemwavyo, ni dai lililotiwa chumvi.

Lakini si kila mlaji wa uchafu au wa wadudu afaa kuletwa. Mwishoni mwa karne ya 19 waliletwa Unguja kunguru wa Kihindi ili wale takataka za mji, na matokeo yake yako juu ya paa la kila nyumba ya pwani: ndege huyo hula mayai na makinda ya ndege wadogo, wale wale ambao wangetulia viwavi, na hunyakua vifaranga uani. Na konokono wetu mkubwa wa pwani, aliyechukuliwa akavushwa bahari hadi visiwa vya mbali, aliharibu bustani za watu huko hata wakaleta konokono mwingine mla konokono, ambaye badala ya kumla huyo mkubwa aliwamaliza konokono wengi wa asili wa visiwa vya Pasifiki. Kazi ya kuleta viumbe waachiwe wenye maabara. Mwenye bustani kazi yake ni kuwatunza wale alio nao.

Kisha waja wadudu mmoja mmoja, kila mmoja na saa yake. Sota hufanya kazi usiku, hukata mche juu kidogo ya ardhi, na alfajiri huwa amejikunja chini ya udongo, si mbali na mche aliouangusha. Fukua papo hapo kwa kidole utamkuta, la sivyo usiku ujao atakata wa jirani. Mche mpya ukizungushiwa kikanda cha gome la mgomba au karatasi ngumu, kikaingia ardhini vidole viwili na kubaki juu vidole vitatu, sota hawezi kuukumbatia. Konokono naye ni wa usiku na wa mvua. Ubao au ganda la papai lililofunikwa juu ya udongo jioni humvuta kujificha, na asubuhi hukusanywa kwa koleo. Bata humla kwa furaha, lakini kuku asiruhusiwe kwenye miche michanga, kwa kuwa atachakura mara kumi zaidi ya atakavyookoa. Maganda ya mayai yanayosifiwa sana kwa kazi hii hayamzuii. Huyapita taratibu kama apitavyo juu ya changarawe.

Vidukari huzaa pasipo dume, huzaa watoto hai badala ya mayai, na mtoto huwa mzazi baada ya siku chache tu. Ndiyo maana kunde zilizokuwa safi Ijumaa huwa nyeusi Ijumaa ifuatayo. Sisimizi wapandao shina wakishuka na matumbo yaliyojaa wanakunywa ule utamu unaotoka kwa vidukari, na kwa ajili hiyo huwalinda na nyigu na wadudu wengine walao vidukari. Basi anza na sisimizi: ng'oa majani yanayofanya daraja kati ya mmea na ua, paka grisi au gundi kwenye kitambaa ulichofunga shina la mti, na vidukari waliobaki wapigwe kwa maji ya nguvu. Wakiwa wengi mno, tia kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, au sabuni ya mche iliyokunwa na kuyeyushwa, si sabuni ya unga, kisha unyunyize chini ya majani jioni. Sabuni humwua yule tu iliyemgusa, na ikikauka imekwisha nguvu.

Nyanya ina adui wake mpya, kantangaze, nondo mdogo kutoka Amerika ya Kusini aliyefika Afrika Mashariki yapata mwaka 2014. Kiwavi wake hukaa katikati ya ngozi mbili za jani na kuacha michirizi mipana iliyopauka, kisha huingia ndani ya tunda, hivyo dawa nyingi humkosa. Majani yenye michirizi yachumwe mapema na kufungwa ndani ya mfuko wa nailoni uliowekwa juani, wala yasitupwe kando ya bustani ambako nondo ataruka tena. Usiku, taa iliyowekwa juu ya karai la maji yenye sabuni hunasa baadhi ya wazazi. Na mahali palipokuwa na nyanya msimu huu msimu ujao pasiwe na nyanya, biringanya, pilipili wala viazi ulaya, bali kunde, bamia au mahindi. Vivyo hivyo maembe na mapera yaliyodondoka yasiachwe chini, kwa kuwa funza wa nzi wa matunda hutoka humo kuingia udongoni. Yafukiwe kwa kina cha nusu mita au yafungiwe mfukoni.

Ndipo sasa zifuate dawa, na zimewekwa mwisho kwa makusudi. Majivu ya kuni, yakinyunyizwa makavu, hukwangua na kukausha ngozi laini za wadudu. Mvua au umande ukiyalowesha hayana kazi tena, na yakizidi hubadili tabia ya udongo. Pilipili na kitunguu saumu vilivyopondwa husaidia kidogo, na sifa zake ni kubwa kuliko matendo yake. Mwarobaini ndio wenye ushahidi. Mwaka 1959, nchini Sudan, Mjerumani Heinrich Schmutterer aliona nzige wakila kila kitu isipokuwa miti hiyo, na tangu hapo ikachunguzwa sana: kiini chake, azadiraktini, hakimwangushi mdudu papo hapo, bali humwondolea hamu ya kula na kumvuruga asiweze kujivua ngozi na kukua. Kwa hiyo anayepuliza leo na kesho akaona viwavi wangali hai asikate tamaa, aangalie kama wanakula. Nguvu zaidi imo katika kokwa kuliko katika majani. Kokwa ziokotwe na kuoshwa, zikaushwe kivulini zisiote ukungu, kisha zimenywe na kutwangwa; gramu 50 za unga wake zilowekwe usiku kucha katika lita moja ya maji, zichujwe kwa kitambaa, zitiwe sabuni kidogo ili maji yashike majani, na zipulizwe jioni, maana jua huiharibu dawa hiyo upesi. Irudiwe baada ya siku saba hivi au baada ya mvua.

Watu wengi hudhani kwamba kitu kikitoka kwenye mti hakiwezi kumdhuru mtu. Tumbaku iliyolowekwa huua vidukari kweli, lakini nikotini yake ni sumu kali inayopenya hata ngozini, na zaidi ya hayo huweza kuleta maradhi ya virusi katika nyanya na pilipili. Mimi sioni sababu ya kuitumia ilhali sabuni ipo. Pareto, lile ua jeupe la nyanda za juu za Kenya na za Iringa, huangusha wadudu haraka na kuisha nguvu juani haraka, ila haibagui nyuki na kiwavi, basi ipulizwe magharibi, nyuki wakiisha rudi mizingani. Utupa ni mmea ule ule uliotumika tangu zamani kulewesha samaki mitoni, na kwa sababu hiyo usipulizwe karibu na bwawa, na mboga zilizopulizwa zisichumwe kabla ya siku kadhaa kupita. Mafuta ya mwarobaini yenyewe, yanayouzwa katika vichupa, yawekwe mahali mtoto asipofika, kwani mtoto mdogo akiyanywa huweza kupatwa na degedege na hata kufa. Ndoo, kinu na chujio zilizotumika kwa dawa hizi zisirudi jikoni, na maji yaliyobaki yamwagwe penye ardhi kavu, mbali na kisima.